Shafti ya Bi Tatu na Birika la Maji

Jamani, leo nimeadhirika.

Si kuadhirika kule kwa Ikwiriri, siku suruali iliponichanikia mbele ya wanunuzi wa ufuta. Ule ulikuwa mchezo. Leo nimeadhirika mbele ya kijiji kizima, watu wametulia kimya, mikono wameinua, wengine wamefumba macho. Hakuna aliyekosa kusikia. Naandika barua hii nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga hapa Ruaruke, na siruhusiwi kuondoka. Sababu mtaiona. Atakayeipokea asiisome peke yake. Aisome hapo kijiweni kwa sauti, ili mnicheke wote kwa mkupuo mmoja yaishe.

Mnanijua sikai mahali. Shule niliacha darasa la tano, na tangu biashara ilipofunguliwa, kila mtu akawa huru kuuza anachoweza kubeba, mimi nimebeba kila kitu. Nimebeba mitumba Kibiti, ikanyeshewa. Nimebeba barafu ya wanunuzi wa kamba kule deltani, ikayeyuka (barafu, Rufiji, na mtumbwi uliokwama kwenye tope, hesabu mnaiona). Nimebeba magunia ya ufuta mpaka mgongo ukaanza kunijibu. Nimechoka, jamani. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Ni ule uchovu wa kuulizwa "wewe mtu wa wapi?" kila unapoomba maji ya kunywa.

Basi jana nikapita hapa Ruaruke natafuta lifti ya kwenda popote. Nikakuta mashine imekufa, magunia ya mpunga yamepangwa nje mpaka karibu na barabara. Mwenye mashine anaitwa Bi Tatu. Ni mama mtu mzima, mjane, ana sauti ya upole na macho yasiyo na upole wowote. Mashine aliinunua mnadani, katika mali za shirika moja lililouzwa, na hiyo ndiyo inayomlisha. Shafti ilikuwa imekatika. Shafti ni ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya mashine; ukikatika huo, vingine vyote vinabaki pambo. Hii ya kwake ilichongwa kutoka kwenye ekseli ya lori, chuma kinene kama kifundo cha mkono wa mtu mnene.

Fundi Mkumba wa Kibiti, mwenye jenereta na mashine ya kuchomelea, alikuwa ameshaiunga mara mbili. Mara zote mbili aliiacha nzima, kiungo kinang'aa, watu wakapeana mikono. Mara zote mbili ilipolala tu, asubuhi wakaikuta ina ufa. Na hakuna aliyeigusa.

"Huu si ufundi tena," Mkumba alikuwa akisema nilipofika. "Huu ni mkono wa mtu."

"Mkono wa nani?" Bi Tatu akauliza.

"Mimi simtaji mtu. Lakini kuna mtu Kibiti kaleta mashine mpya, na wewe ukiharibikiwa, mpunga wote huu utakwenda kwake."

Watu wakaguna. Na mimi, jamani, mdomo huu! Ningenyamaza lifti ingenikuta nimeketi kivulini, saa hizi nipo mbali. Nikasema, "Ni baridi."

Wote wakanigeukia. Kulikuwa na jua la kukausha samaki.

Mtu mmoja aliyekuwa amelala juu ya magunia yake akainua kichwa. Huyu anaitwa Mpili, mkulima, alikuwa wa kwanza kwenye foleni na mpunga wake, na nadhani Mungu alimpa mdomo wa watu wawili ili mwingine asipewe. Akasema, "Baridi? Hapa Ruaruke? Mpelekeni zahanati huyu, ana malaria."

Wakacheka. Mimi nikazidi kueleza, maana kitu nikishakijua siwezi kukaa nacho tumboni. Mnakumbuka niliwahi kukwangua kutu kwenye yadi moja Dar? Palikuwa na mchomeleaji mmoja pale aliyekuwa akiongea na chuma siku nzima, nami nikawa nasikiliza. Nikawaambia Ruaruke yote. Chuma cha ekseli ni kikali. Ukikichomelea hakijapashwa moto, pale unapochoma panayeyuka, lakini chuma kingine chote pembeni ni cha baridi, nacho kinaunyonya ule moto upesi upesi. Pale mahali panapoa ghafla na kuwa pagumu kama chupa. Halafu kuna unyevu, kwenye kutu, kwenye vijiti vya kuchomelea, kila mahali, na delta hii unyevu haukosi. Moto unaugeuza unyevu kuwa hewa nyepesi inayoingia ndani ya chuma kilichoyeyuka. Kikipoa haraka, hewa imenaswa. Haipigi kelele. Inasukuma na kusukuma, mpaka chuma, kwa kuwa ni kigumu na hakipindi, kinapasuka wakati wenyewe mmeshakwenda kulala.

"Kwa hiyo si mtu," Bi Tatu akasema.

"Si mtu, mama. Ipashwe moto yote kabla ya kuchomelewa. Vijiti vikaushwe. Na ikishachomelewa iachwe ipoe polepole sana."

"Unaweza?"

"Naweza."

(Kuweza kuna namna mbili. Kuna kuweza kwa aliyefanya na kuna kuweza kwa aliyeona wenzake wakifanya. Hakuniuliza ni kupi.)

Bi Tatu akaniangalia, akaangalia na kimfuko changu cha plastiki chenye nguo zangu zote. Akasema, "Ikizunguka, kaa. Nataka mtu wa kuitazama mashine hii, mimi magoti yamekataa. Kuna chumba cha stoo hapo nyuma. Kina dirisha."

Dirisha, jamani! Mnajua tangu lini sijalala kwenye chumba chenye dirisha? Usiku ule nililala kwenye pumba za mpunga nikiwaza pazia.

Sasa ndiyo leo yenyewe.

Nimeamka kabla ya jua. Mkumba akaja na pikapu, jenereta na mashine yake nyuma, amenuna kama bwana harusi aliyekataliwa. Tulikubaliana yeye achomelee, kwa kuwa mkono wake ni mzuri kweli, na mimi niwe mtu wa moto. Tukachonga ncha mbili za pale ilipokatika zikawa kama penseli, tukazilaza kwenye chuma cha pembe, kile kilichokunjwa kama mfereji, ili zinyooke, tukaweka vyote ndani ya nusu pipa, mkaa chini. Nikapepea. Nikapepea. Jua likatoka, mimi napepea. Jasho likaniingia machoni, chuma hakina habari.

Bi Tatu alikuwa ameshapanga chakula na dua. Kapasukiwa na shafti mara mbili, sasa anataka ya tatu ianze na jina la Mungu, nani atamlaumu? Kwa hiyo palikuwa na sufuria za pilau hapo hapo, naye anapita kati ya moto wake na moto wangu. Akasimama akanitazama.

"Mwanangu, unapika nini?"

"Shafti, mama."

"Moto chini tu? Hapo juu kutaiva lini? Palia!"

Akachukua bati, akalifunika pipa, akachota makaa kwa koleo akayamwaga juu, kama anavyopalia wali. Nami kwa uelekevu wangu wote sikuwa nimelifikiria hilo. Kutoka hapo chuma kikaanza kushika moto pande zote. Vijiti vya kuchomelea nikavipanga pembeni ya moto vikauke, nikawa navigeuza geuza.

"Huyu anachoma mishikaki," Mpili akasema. "Bi Tatu, huyu si fundi, huyu ni mpishi. Usimpe stoo, mpe jiko."

Sasa sikilizeni hapa, maana balaa ilianzia hapa. Chuma kilichopashwa kiasi kile hakiwi chekundu. Ukikitazama ni kile kile. Utajuaje kimefika? Yule mchomeleaji wa Dar alikuwa akichovya vidole kwenye maji na kurusha tone. Tone likitulia na kuchemka, bado. Tone likidunda na kukimbia kama limetukanwa, tayari. Basi na mimi nikachukua kikombe cha maji, nikawa narusha tone moja, nainama, nahesabu kimoyomoyo linaishi muda gani. Lakini mimi nikihesabu midomo inatembea. Narusha, midomo inatembea. Narusha tena, midomo inatembea.

Nikasikia nyuma yangu, "Anasoma."

"Anasoma nini?"

"Sijui. Lakini angalia midomo."

"Kumbe kijana ana kitu!"

Nilipaswa kugeuka na kusema ukweli. Sikugeuka. Mtu mmoja alikuwa ameniletea kiti. Kiti, chenye mgongo! Tangu niwe na akili zangu hakuna aliyewahi kuniletea kiti. Nikarusha tone jingine, polepole zaidi, na hapo nakiri midomo niliitembeza kwa makusudi.

Tone likadunda. "Tayari!" nikapiga kelele. Mkumba akavaa ngao yake ya uso, jenereta ikanguruma, akaanza. Na Mkumba anajua, msimdharau. Alichomelea tabaka kwa tabaka, akigonga ukoko kila baada ya tabaka, mimi namwongezea makaa ili chuma kisipoe katikati. Alipomaliza hata yeye uso ulikuwa umekunjuka.

"Kiungo hiki kimetulia," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Nitakuambia kesho kama nakuamini."

Tukaifukia shafti ndani ya rundo la pumba na majivu ya moto, tukalishindilia. Pumba zinashika joto kuliko blanketi. Nikasimama mbele ya watu, mkono kiunoni, nikatangaza: "Hapa mpaka kesho alfajiri. Asiguse mtu. Kuku asiguse. Upepo usiguse!"

"Na inzi?" Mpili akauliza.

"Na inzi."

Hadi hapo, jamani, nilikuwa mtu. Ningelala usingizi wakati ule, ningeamka kesho mwenye chumba.

Baada ya adhuhuri watu wakatoka msikitini wakaja moja kwa moja kwa Bi Tatu. Mikeka imetandikwa, pilau inanukia mpaka barabarani, basi la kwenda Lindi likapunguza mwendo. Akaja Maalim Saidi, mwalimu wa madrasa, mtu mwembamba, mpole, asiyesema neno mpaka amelifikiria. Nikakalishwa karibu naye. Mimi! Karibu na Maalim! Watu wakawa wananiita fundi. Fundi sogea hapa. Fundi nawa mikono. Mkumba, ambaye ndiye fundi, yuko kule mwisho karibu na viatu.

Maalim akaitazama ile hadhara, akauliza, "Kitu chenyewe tunachokiombea kiko wapi?"

Bi Tatu akaonyesha rundo la pumba.

Mpili hakukawia. "Maalim, tumekuja kuombea pumba. Mwaka ujao tutaombea makapi."

Watu wakacheka. Wakacheka wakinitazama mimi. Na hapo ndipo ubongo wangu uliponitoka. Nilijua muda wake haujafika. Nilijua! Nimeyasema mwenyewe mbele ya kijiji na mkono kiunoni. Lakini nilikuwa nimekaa karibu na Maalim, nimechoka, nina njaa, nimeitwa fundi tangu asubuhi, na nikataka waione. Nikajiambia ikikaa nje kidogo tu, kisha nikairudisha, atajua nani?

Nikafukua. Nikaitoa kwa magunia mawili mikononi, nikailaza juu ya matofali mbele ya mikeka. Ilikuwa nzuri, jamani. Nyeusi, imenyooka, imetulia. Watu wakasema "Mashaallah!" Nami nikainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa.

Mkumba peke yake ndiye aliyesimama kule mwisho akaniuliza kwa mkono, kiganja juu: vipi? Nikamfanyia ishara: tulia.

Ndipo Bi Tatu akaja na birika. Birika kubwa, lile la kunawisha wageni, limejaa maji yaliyotiwa marashi. Akasema mbele ya wote, kwa ile sauti yake ya upole, "Asubuhi kijana huyu aliinyunyizia maji akisoma, nyote mliona. Sasa maji ya mwisho ayasomee Maalim, ili mambo yakamilike."

Wote wakatikisa vichwa. Jambo lina mantiki. Kama chuma kinataka maji yaliyosomewa, basi asome anayejua kusoma!

Ningesema nini? Kwamba nilikuwa nahesabu? Nimeshakula kiti chao.

Maalim, Mungu ampe umri, akaniuliza mara mbili. "Kijana, chuma hiki kimepoa?"

"Kimepoa, Maalim."

"Na maji hayatakidhuru?"

"Matone mawili matatu? Hayawezi, Maalim."

Naye kweli akanyunyiza matone mawili matatu, kwa ncha za vidole, mbali na kiungo. Yakadunda yakakimbia. Kama angeishia hapo pengine ningeokoka. Lakini alipomaliza akamrudishia birika mwenye mali. Na Bi Tatu, aliyepasukiwa mara mbili, ambaye anaweka roho yake yote kwenye shafti ile, hakuona sababu ya kuibania baraka. Akaliinua birika akalimwaga lote. Pale pale kwenye kiungo.

CHWAAAA!

Mvuke ukapanda, mweupe, unanukia waridi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mpili akaruka kutoka kwenye mkeka akapiga kelele, "Yanatoka! Majini ndiyo hayo yanatoka!" Watu wakashangilia. Kule mwisho nikamwona Mkumba ameweka mikono yote miwili kichwani.

Mimi sikupiga kelele. Nilikuwa nimekaa nahisi jasho likishuka kwenye uti wa mgongo, tone kwa tone, na matone hayo hayakudunda.

Maalim akainua mikono. Watu wote wakainua. Kukawa kimya kile cha dua, unasikia mpaka majani ya mnazi. Maalim akaanza kuomba riziki ya Bi Tatu, afya ya watu wa Ruaruke, mvua kwa kiasi chake, salama ya wasafiri. Watu wanaitikia amin. Mimi naomba langu moja tu: ya Rabi, ipasuke wakati wamekwenda nyumbani. Hata baada ya pilau. Nilishaacha kuomba isipasuke, nilikuwa naomba muda. Shafti imetulia juu ya matofali, inatoa moshi mwembamba. Nikaanza kutumaini. Pengine hewa iliona haya mbele ya Maalim. Pengine mara hii tu.

Maalim akafika mahali pa kumwombea "na aliyeitengeneza." Akanyamaza kidogo kuvuta pumzi.

TA!

Kama mtu kavunja kijiti kikavu karibu na sikio lako. Moja tu, kali, safi. Hakuna aliyeuliza ni nini.

Na katika kimya kile Mpili, mikono bado juu, macho bado kafumba, akaitikia:

"Amin."

Jamani. Jamani! Nimeona aibu nyingi, lakini hii ilikuwa na ukumbi wake, mikeka yake na marashi yake. Mabega ya watu yakaanza kutikisika. Bibi mmoja akajifunika kanga usoni. Maalim, kwa heshima yake, akaendelea mpaka mwisho, hakuruka neno, nami ninaapa kwa maisha yangu sijawahi kusikia dua ndefu kama ile. Alipopangusa uso wake ndipo Mkumba akaja, akachutama, akafuta shafti kwa kitambaa. Ufa, mwembamba kama unywele, pembeni mwa kiungo, umezunguka nusu.

Mkumba hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Akanipiga bega, uso umemng'aa kama wa mtu aliyepata nduguye, akasema, "Siku hizi vyama ni vingi, bwana. Hiki cha kwetu sisi wawili. Karibu."

Bi Tatu alikuwa amesimama na birika tupu. Akasema polepole, "Mbona asubuhi ulitia maji wewe mwenyewe?"

"Tone moja moja, mama. Kupima joto. Na ilikuwa haijachomelewa bado."

"Na kile ulichokuwa ukisoma?"

Watu wakasogea kusikiliza. Hata waliokuwa wakipakua pilau walisimamisha miiko njiani.

"Nilikuwa nahesabu, mama."

"Ukihesabu nini?"

"Tone la maji... linaishi muda gani."

Sitawaelezea kicheko kile. Kilianzia kwa akina mama, kikapita kwa wazee, kikafika barabarani kwa watu wasiojua hata kinachochekwa. Mpili alilala chini kabisa, anapiga mkeka kwa kiganja, "Anahesabu umri wa tone! Maalim, anahesabu umri wa tone!" Hata Maalim aligeuka pembeni kukohoa, na kikohozi kile kilikuwa na meno.

Aliyekuwa hacheki ni Bi Tatu. Pilau ikaliwa (iliisha, aibu yangu haikumpunguzia mtu hamu), kisha watu wakaanza kupakia magunia yao kwenye baiskeli. Gunia moja. Jingine. Wanampa pole, wanamwambia "tutarudi, Bi Tatu," na baiskeli zinaelekea Kibiti kwenye ile mashine mpya. Alizisindikiza kwa macho, zote. Nilitamani anitukane.

Nikaenda kuchukua kimfuko changu. Sikumuaga mtu, nilishazoea kuondoka bila kuaga, ni kitu pekee ninachokifanya kwa ustadi. Nimefika kwenye kona ya ukuta nikasikia, "Wewe. Unakwenda wapi?"

"Nakwenda tu, mama."

"Tu ni wapi?"

Nikaitazama barabara. Lifti yoyote ingenifaa.

Akasema, "Mara ya kwanza ilipasuka, tukasema mtu. Mara ya pili, tukasema mtu. Leo ndiyo mara ya kwanza naona kwa macho yangu nini kimeipasua. Sasa anayejua hivyo ndiye aondoke, nibaki na nani? Na Mpili?"

"Mimi nipo!" Mpili akaitikia kutoka kwenye magunia yake. Alikuwa hajaondoka. Anasema hawezi kwenda Kibiti, hapa kuna raha zaidi.

"Mama, mimi ndiye niliyeifukua."

"Nimekuona ukifukua. Na mimi ndiye niliyemwaga birika. Weka huo mfuko chini."

Basi tumefanya tena, jamani. Mkumba alikata kile kiungo chote kwa mashine yake ya kukatia chuma mpaka ufa ukaisha, cheche zinaruka mpaka kwenye sufuria zilizooshwa. Nikawasha mkaa, chini, na juu Bi Tatu akapalia mwenyewe bila kuambiwa. Nikapima kwa tone, mdomo nimeubana kama mtu aliyeng'olewa jino. Mkumba akachomelea kwa alasiri yote. Hatukupeana mikono. Hakuna aliyesema mashaallah. Tumeifukia kwenye pumba, rundo kubwa mara mbili ya lile la kwanza, na nimewekwa hapa juu ya ndoo kulilinda mpaka alfajiri. Kama itaamka nzima, nina chumba. Kama itaamka na ufa, basi barua hii itafika kwenu pamoja na mwandishi wake, tutaisoma wote.

Bi Tatu amepiga marufuku maji eneo lote. Ndoo niliyokalia ameimwaga yeye mwenyewe, kisha akaipangusa. Nikitaka kunywa, navuka barabara. Mpili analala pale magunini, amegeuza uso huku, na kila baada ya muda ananiuliza kwa kunong'ona, "Fundi, tone limefikisha miaka mingapi?"

Nimechoka, nina tundu la cheche kwenye shati, nanuka waridi na moshi. Lakini nikiweka kiganja juu ya pumba nahisi joto linapanda polepole, na mpaka sasa hakuna kilicholia.

Sasa hivi jua likizama Maalim kapita kwenda msikitini. Akasimama mbali, ng'ambo ya barabara, kwa adabu zake, akanisalimu.

"Kijana, nikuombee?"

"Niombee, Maalim," nikamjibu. "Ila niombee kavu."